Pima uwanja, kisha pima lori

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kokoto. Najua watakuwapo watakaosema kwamba mzungumzaji wetu leo ameishiwa. Kuna mambo makubwa ya taifa na ya dunia, na yeye anatuletea habari za mawe. Naomba mnivumilie. Jiwe ni jiwe likiwa mlimani. Likishapakiwa kwenye lori na kuletwa getini kwako ni fedha, na fedha ikishamwagwa chini na kusambazwa kwa beleshi hairudi tena mfukoni.

Pita mtaa wowote wa Dar es Salaam ambako watu wanajenga, iwe Mbagala au Tegeta, Kitunda au Kimara. Utaona mambo mawili. Kwanza, utaona nyumba iliyokwisha, watu wamehamia, mapazia yanapepea madirishani, lakini nje ya geti kuna rundo la kokoto lililoachwa. Nyasi zimeota juu yake, na watoto wamepata mahali pa kuokota mawe ya kupopolea maembe. Pili, utaona uwanja uliotandazwa kokoto nusu tu. Upande wa mbele unang'aa, upande wa jikoni ni tope, na mwenye nyumba anangoja mshahara wa mwisho wa mwezi ili aongeze.

Huyu alinunua nyingi mno na yule alinunua chache, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Wote wawili walinunua kwa macho.

Mazungumzo yenyewe sote tunayajua. Mwenye nyumba anamwita fundi, anamwuliza, "Fundi, hapa zitaingia kokoto kiasi gani?" Fundi anatazama kushoto, anatazama kulia, anapiga hatua mbili tatu, kisha anasema, "Hapa, mzee, lori mbili." Na mzee anaitika. Haulizi lori lipi. Haulizi limejaa namna gani. Anatoa simu na kumpigia dalali.

Hebu tujiulize, wasikilizaji. Mtu huyu akienda dukani kununua sukari, anakodoa macho kwenye mizani. Akinunua kitambaa, anataka mita ihesabiwe mbele yake. Akinunua mafuta ya taa, anainua chupa kuitazama kwenye mwanga. Lakini akinunua kitu cha mamia ya maelfu ya shilingi, anatosheka na neno "lori". Lori si kipimo. Lori ni chombo cha kubebea.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya mita na kilo kufika. Walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Lakini hawakuishia hapo. Walitofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto ni kile kilichojazwa kisha kikafutwa juu kwa kijiti, kikawa sawa na ukingo. Cha tele ni kile kilichorundikwa mpaka punje zikaanza kumwagika. Mnunuzi na muuzaji walipatana kwanza: je, tunauziana mfuto au tele? Baada ya hapo ndipo wakaulizana bei. Sisi tumesoma, tuna mita na vikokotoo ndani ya simu zetu, lakini tumeiacha hekima hiyo. Sisi tunapatana bei kwanza, halafu kipimo tunamwachia dereva.

Sasa chukueni kalamu na karatasi, tufanye hesabu. Nitawapa mfano wa uwanja wa jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ameniruhusu kuusema ilimradi nisimtaje jina.

Uwanja wa mbele wa mwalimu una urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Mara hizo mbili unapata mita za mraba 60. Pembeni mwa nyumba kuna njia ya kwenda jikoni, urefu mita 8 na upana mita 1 na nusu. Hizo ni mita za mraba 12. Jumla 72. Lakini katikati ya uwanja kuna mwembe, na chini yake mwalimu ameacha duara la udongo ili mti upumue. Kutoka katikati ya shina hadi ukingo wa duara ni mita 1. Eneo la duara ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3 nukta 14, kwa hiyo hapo ni kama mita za mraba 3. Toa 3 katika 72, zinabaki mita za mraba 69.

Kama uwanja wako una kona za ajabu ajabu, usiogope. Ukate vipande vipande kwa kamba na vigingi. Kila kipande kifanye mstatili, pembetatu au duara. Pembetatu ni kitako mara kimo, gawa kwa mbili. Pima kila kipande peke yake, kisha jumlisha. Kazi hii anaiweza mtoto wa darasa la sita, na kwa kweli mpe yeye aifanye. Atafurahi kuona kwamba hesabu za shuleni zina kazi nyumbani.

Umeshapata eneo. Lakini eneo halijakuambia kitu bado, kwa sababu kokoto hazinunuliwi kama zulia. Zina unene. Na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, maana unene hauonekani. Ukitandaza sentimita 5 au ukitandaza sentimita 10, mgeni anayeingia getini ataona uwanja ule ule. Lakini wewe utakuwa umelipa mara mbili.

Mahali pa kupita watu kwa miguu, sentimita 5 zinatosha, ikiwa kokoto ni zile ndogo za nusu inchi au robo tatu. Kanuni nyepesi ni hii: unene usipungue mara mbili ya jiwe lako kubwa kuliko yote, la sivyo udongo utachungulia. Mahali pa kuegesha gari panahitaji zaidi, kama sentimita 10, tena juu ya moramu iliyomwagiwa maji na kushindiliwa. Ukimwaga kokoto juu ya udongo laini, magurudumu yatazizamisha moja baada ya nyingine, na baada ya masika mbili utajiuliza zimekwenda wapi. Hazikuibwa. Ziko chini ya miguu yako.

Turudi kwa mwalimu. Gari lake linaegeshwa kwenye eneo la mita 6 kwa mita 3, yaani mita za mraba 18. Hapo tuweke sentimita 10, ambazo ni mita 0.10. Tunapata 18 mara 0.10, sawa na mita za ujazo 1.8. Sehemu iliyobaki ni 69 kutoa 18, yaani 51. Hapo tuweke sentimita 5, ambazo ni mita 0.05. Tunapata 51 mara 0.05, sawa na mita za ujazo 2.55. Jumlisha zote mbili: 4.35.

Usinunue 4.35 kamili. Ardhi ina vishimo, kokoto zikikanyagwa hujipanga na kushuka, na nyingine hupotea pembezoni. Ongeza sehemu moja ya kumi. Hapo tunafika karibu mita za ujazo 4.8. Hiyo ndiyo hesabu ya mwalimu. Iandike kwenye karatasi, tutaihitaji.

Sasa twende kwenye lori.

Watu wengi husema, "Nimeagiza lori la tani saba." Wanadhani tani 7 ni mita za ujazo 7. Sivyo, ndugu zangu. Tani ni uzito, mita ya ujazo ni nafasi. Mita 1 ya ujazo ya kokoto zilizomwagwa ina uzito wa karibu tani 1 na nusu. Kwa hiyo lori lililoruhusiwa kubeba tani 7 likibeba tani zake kwa halali litakuletea mita za ujazo 4 na nusu hivi, au zaidi kidogo. Anayekuahidi mita 7 katika lori la tani 7, ama anakudanganya wewe, ama anaidanganya mizani ya barabarani.

Njia ya uhakika ni kupima bodi la lori. Si jambo la aibu. Lori likifika, kabla halijainua tela, mwambie dereva kwa heshima, "Kijana wangu, subiri kidogo nipande." Pima urefu wa ndani, upana wa ndani, na kimo cha kokoto kutoka sakafuni, si kimo cha ubao. Tuseme umepata urefu mita 3.6, upana mita 2 na kimo sentimita 56. Zidisha 3.6 mara 2 mara 0.56. Jibu ni mita za ujazo 4 na chembe.

Hapa nirudie ule mfuto na tele. Lori likiwa na kichuguu katikati, macho yako yatakwenda kwenye kichuguu. Wewe tazama pembe. Mara nyingi kichuguu kimesimama katikati lakini pembe nne zimezama. Mwombe utingo achukue beleshi akisawazishe kile kichuguu kijaze pembe. Kikisawazishwa, ndipo utajua kama ulichoandaliwa ni mfuto, ni tele, au ni pungufu ya vyote viwili.

Tuwe waadilifu kwa madereva pia. Kokoto nyingi ngumu zinazoletwa Dar es Salaam hutoka upande wa Lugoba, safari ya zaidi ya kilomita 100. Lori likitikisika njia nzima, kokoto hujipanga, na mzigo uliokuwa sawa na ukingo wakati wa kupakia utafika umeshuka kidogo. Huo si wizi. Mawe ni yale yale. Lakini kushuka vidole viwili vitatu ni jambo moja, na kushuka shubiri nzima ni jambo lingine. Na ukitaka kulala usingizi, muulize dalali mapema kama bodi la lori lake limehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Swali hilo tu, likiulizwa kwa upole, husaidia kujaza pembe.

Na ikiwa ulikuwa kazini, ukarudi jioni ukakuta rundo limeshamwagwa? Bado ipo njia. Zungusha kamba chini kabisa ya rundo, upate mzunguko wake kwa mita. Kisha simamisha fito wima pembeni na nyingine ilale kutoka kileleni, upate kimo. Zidisha mzunguko mara mzunguko, mara kimo, kisha gawanya kwa 38. Kwa mfano, mzunguko ni mita 11 na kimo ni mita 1 na robo. 11 mara 11 ni 121. Mara 1.25 ni 151. Gawanya kwa 38, unapata karibu mita za ujazo 4. Rundo halitakuwa pia kamili, kwa hiyo haya ni makadirio. Lakini makadirio ya kamba na fito yana thamani kuliko kiapo cha dalali.

Sasa nisimulie yaliyompata mwalimu. Fundi alimwambia lori mbili. Dalali alimwambia kila lori ni mita 5. Mwalimu alilipa kutoka katika kiinua mgongo chake, fedha ambayo sehemu yake mkewe alikuwa ameiwekea tangi la maji. Malori yalikuja, kila moja na mita zake 4, si 5. Hivyo alilipia 10, akaletewa 8, naye haja yake ilikuwa 4.8. Uwanja ulipojaa, zikabaki mita za ujazo 3 na zaidi nje ya ukuta.

Rundo lile lilikaa mpaka masika. Mvua ya kwanza ilichukua kokoto za chini ikazitumbukiza mtaroni. Mvua ya pili ikaziba mtaro. Mvua ya tatu ikayaingiza maji sebuleni kwa mama anayeuza vitumbua nyumba ya pili, akapoteza gunia zima la unga. Watu hawa walikuwa wakipeana moto na chumvi kwa miaka 12. Wakafikishana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwalimu akalipa unga, akalipa vijana wa kuzibua mtaro, na tangi la maji halijanunuliwa mpaka leo hii ninapozungumza nanyi. Siku ya kikao, mke wa mwalimu alisema neno moja tu: "Baba, hata kamba ya kuanikia nguo ingetosha kupimia."

Ndiyo maana nasema kwamba kokoto ni fedha. Na wakati mwingine ni ujirani.

Tuendelee, maana kuna upande wa bei. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, msinishikie shingo nazo. Bei za kweli hubadilika kwa msimu na kwa umbali. Tuseme dalali wa kwanza anauza lori kwa shilingi 300,000, na dalali wa pili anauza kwa shilingi 350,000. Wengi wetu tutakimbilia kwa wa kwanza. Lakini umepima, umeona bodi la wa kwanza lina mita za ujazo 4, na la wa pili lina mita 5. Gawanya. Wa kwanza anakuuzia mita moja kwa shilingi 75,000. Wa pili anakuuzia kwa shilingi 70,000. Yule uliyemwona ghali ndiye rahisi. Usilinganishe bei ya lori kwa lori. Linganisha bei ya mita ya ujazo kwa mita ya ujazo.

Na sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nizungumze wiki hii.

Katika jiji hili wapo watu wanaouza kokoto kwa ndoo. Kwa miaka mingi, kule Kunduchi Mtongani na pembezoni mwa barabara nyingi za nchi yetu, kina mama na vijana wameketi juani, nyundo mkononi, wakiponda jiwe moja moja. Huweka jiwe ndani ya pete ya mpira wa tairi ili lisiruke, wakapiga, wakapiga tena, vumbi likiwaingia kifuani na vibanzi vikiwatishia macho. Ndoo moja ya lita 20 ikijaa ina uzito wa karibu kilo 30, na kila jiwe ndani yake limepita chini ya nyundo.

Mimi nimesimama mara nyingi nikawasikiliza wanunuzi wakipatana na kina mama hao. Mteja anashuka kwenye gari, anauliza bei. "Elfu moja na mia tano, baba." Mteja anaruka kama aliyeumwa na siafu. "Mama, unataka kuniua? Mawe tu haya!" Anapunguza, anapunguza, mpaka mama anakubali kwa elfu moja. Kisha mteja anataka ndoo irundikwe, anaitikisa, anataka iongezwe tena. Anataka tele, kwa bei iliyo chini ya mfuto.

Basi tumfanyie mama huyu hesabu ileile tuliyomfanyia dalali. Mita 1 ya ujazo ni lita 1,000. Ndoo ni lita 20. Kwa hiyo mita 1 ya ujazo ni ndoo 50. Ndoo 50 kwa shilingi 1,500 ni shilingi 75,000. Ni bei ileile ya lori la dalali wetu wa kwanza! Ni kweli kwamba lori limeletwa mpaka getini na ndoo utaibeba mwenyewe, na hilo lina gharama yake. Lakini yule dalali hatukumwambia anataka kutuua. Tulimpa 300,000 bila kupanda kwenye bodi, na tulipoondoka tulimwachia na soda. Mama tulimnyang'anya mia tano kwa kila ndoo, tukamtikisia na kipimo.

Ndugu zangu, hii si tabia ya kubana matumizi. Mtu anayebana matumizi hupima kila mahali. Sisi tunapima pale tunapomwona muuzaji mnyonge, na tunafumba macho pale tunapomwona muuzaji mkubwa. Mwenye ndoo tunampunja, na mwenye lori anatupunja. Mwishoni mwa siku, tulichokipata kwa mama kwa dhuluma kimekwenda kwa dalali kwa ujinga.

Na kumbe wote wawili tunawahitaji. Turejee kwenye karatasi yetu. Mwalimu alihitaji mita za ujazo 4.8. Lori moja la mfuto lingempa 4. Pengo ni 0.8. Kuagiza lori la pili kwa ajili ya pengo hilo ni kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa. Lakini 0.8 mara ndoo 50 ni ndoo 40. Ndoo 40 unazipata kwa kina mama, ukaleta kwa pikapu ya jirani au kwa guta, na ukazileta baada ya kutandaza lori la kwanza na kuona kwa macho pengo liko wapi. Haba na haba hujaza kibaba. Huyo mama angeuza ndoo 40 kwa mpigo, mwalimu angebaki na fedha ya tangi, na mtaro usingeziba.

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya mvua, kwa sababu kokoto nyumbani si urembo tu. Hesabu tuliyopimia kokoto ndiyo hiyohiyo inayopima mvua. Mvua ikinyesha milimita 50, maana yake ni sentimita 5 za maji juu ya ardhi. Kwenye uwanja wa mwalimu wa mita za mraba 69, hizo ni mita za ujazo 3.45, au ndoo zaidi ya 170 za maji, zimemwagwa uani kwako kwa siku moja. Ukimwaga zege uwanja mzima, ndoo hizo zote zinatoka getini kwenda kwa jirani. Sisi tuliokuwapo jijini Desemba 2011 tunajua maji yasiyo na pa kwenda hufanya nini.

Kokoto hutoa nafasi. Fanya jaribio: jaza ndoo kokoto mpaka mfuto, kisha mimina maji taratibu ukiyahesabu kwa lita. Ndoo uliyodhani imejaa itameza karibu lita 8 kabla maji hayajafika ukingoni. Karibu mbili ya tano ya ndoo ilikuwa nafasi tupu. Ndiyo kusema tabaka lako la sentimita 5 linaweza kuyashika maji ya sentimita 2 huku ardhi ikiyanywa polepole. Kwa sababu hiyo, usitandike nailoni nzima chini ya kokoto ukidhani unazuia magugu; utakuwa umetengeneza sinia. Na kabla ya kutandaza, isawazishe ardhi ishuke kutoka ukutani, sentimita 1 au 2 kwa kila mita, ili maji yaipe nyumba kisogo.

Kwa kifupi, wasikilizaji, haya ndiyo ya kushika. Pima urefu na upana, toa usichotaka kufunika. Amua unene kabla ya kununua: sentimita 5 kwa miguu, 10 kwa gari. Zidisha vyote vitatu, ongeza sehemu moja ya kumi. Pima bodi la lori ndani, usawazishe kichuguu, tazama pembe. Linganisha bei kwa mita ya ujazo. Agiza pungufu kidogo kwa lori, kisha pengo liletee ndoo. Wakati wa kutandaza, chomeka vigingi vyenye alama ya unene uliokusudia, maana kibarua akiachwa bila alama atajaza mpaka rundo liishe. Na risiti na vipimo vyote andika kwenye daftari. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Futi kamba ya mita 5 si kitu cha fundi peke yake. Iwepo kila nyumba, kama ilivyopo sindano ya kushonea vifungo. Na siku utakapoitoa mfukoni mbele ya dereva wa lori, itoe vilevile moyoni mbele ya mama wa ndoo. Mpime kwa haki, umlipe kwa haki. Akikujazia mfuto, mshukuru. Na akikuongezea konzi moja ikawa tele, ujue amekupa zawadi, hukumshinda.